Mama Yetu Katika Milima ya Ujapani

Safari haipimwi kwa urefu wake peke yake. Mtu aweza kuizunguka dunia yote akarudi kwao na mzigo ule ule aliotoka nao moyoni, na mwingine aweza kwenda mwendo wa siku tatu tu akarudi amekuwa mtu mwingine. Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya siku tatu. Tulikuwa watu watano katika motokaa moja, nami nilichukua katika mkoba wangu bahasha ambayo mmoja wetu hakutakiwa kuiona mpaka wakati wake uwadie. Mmoja huyo alikuwa mama yetu mzazi.

Kaka yangu ameishi katika mji wa Nagoya, nchini Ujapani, kwa miaka mingi. Anafanya kazi ya kiwandani, ameoa Mjapani, nao wana mtoto wa kiume ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 14. Baba yetu alipofariki, mama alibaki peke yake katika nyumba yetu ya Taita, juu ya Wundanyi. Mwezi wa Oktoba, mwaka 2024, kaka alimwalika mama aende kumtembelea, nami nikafuatana naye kutoka Mombasa.

Mwaliko ule ulikuwa wa mapenzi ya kweli, lakini ulikuwa na jambo jingine ndani yake. Sisi ndugu wawili tulikuwa tumekwisha kupatana kwa simu kwamba mama, aliyekuwa na miaka 73 na goti bovu, asiishi tena peke yake mlimani. Shamba liuzwe, nyumba ifungwe, naye ahamie kwangu. Mnunuzi alikwisha kupatikana. Kilichosalia kilikuwa sahihi ya mama, na karatasi za kutia sahihi ndizo zilizokuwa ndani ya bahasha. Tulidhani kuwa neno zito huwa jepesi likisemwa mahali pazuri.

Tulitoka Nagoya alfajiri. Huko motokaa huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu Kenya, kwa hiyo mama, aliyeketi mbele karibu na kaka, hakuona ugeni wowote katika mwendo wetu. Ugeni aliuona katika barabara kuu yenyewe, ambayo hutozwa ushuru, na ambayo haipandi mlima wala kuuzunguka bali huutoboa. Yapata robo tatu ya nchi ya Ujapani ni milima na vilima, na watu wake wamechimba mahandaki mengi kuliko niliyoweza kuyahesabu. Kila mara tuliingia gizani, na kila tulipotoka bonde lilikuwa jipya. Ilikuwa majira ya majani kugeuka rangi. Miti iliyokuwa ya kijani miezi miwili nyuma ilikuwa sasa myekundu na ya manjano toka chini hadi juu, hata milima ikaonekana kama imetandikwa kanga.

Tuliiacha barabara kuu tukaingia katika bonde la mto Kiso. Katika bonde hili ilipita zamani njia ya Nakasendo, iliyounganisha mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, na mji wa Kyoto. Urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 500, na njiani palikuwa na vituo 69 ambapo wasafiri walilala na farasi wakabadilishwa. Misitu ya bonde hilo ina miti iitwayo hinoki, ambayo ni ya jamii moja na mtarakwa wetu. Zamani za watawala wa kikabaila miti hiyo ilikuwa haramu kukatwa na raia, na watu walisema kwamba mti mmoja ni kichwa kimoja, yaani aliyekata mti naye alikatwa kichwa.

Mimi nilitazama vilele vya milima, lakini mama alitazama mashamba. Aliyekuwa mkulima maisha yake yote haoni mandhari, huona kazi. Mara akauliza, "Mbona matunda yale hayachumwi?"

Tukatazama. Kando ya nyumba moja ya mbao ulisimama mti uliokwisha pukutisha majani, lakini umejaa matunda ya rangi ya machungwa yaitwayo kaki, ambayo kwa umbo hufanana na nyanya kubwa. Mengine yalikuwa yameanguka yakaoza. Mbele kidogo tuliona mti wa pili wa namna hiyo, kisha wa tatu. Madirisha ya nyumba zote tatu yalikuwa yamefungwa kwa mbao.

Shemeji yangu akajibu, na kaka akafasiri. Alisema wenye nyumba hizo wamekufa, au wamezeeka hata hawawezi kupanda ngazi, na watoto wao wako mijini. Matunda yasipochumwa, dubu hushuka kutoka msituni kuyala, na kwa hiyo watu waliosalia huogopa kutoka nje jioni. Katika nchi hiyo watu 29 hivi katika kila 100 wametimiza miaka 65 au zaidi. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha nyumba zisizokaliwa na mtu kuwa karibu milioni 9, nazo ni kama nyumba moja katika kila saba.

Mama hakusema neno. Aligeuza shingo akautazama mti ule mpaka kona ilipouficha. Nami nyuma yake niliuvuta mkoba wangu karibu na miguu.

Mchana tulifika Tsumago, mojawapo ya vile vituo 69. Ni mtaa mmoja wa nyumba za mbao zilizoinama juu ya njia nyembamba. Motokaa haziruhusiwi kupita mchana, na nyaya za umeme zimefichwa. Kijiji hiki nacho kilikuwa karibu kufa, kwa sababu barabara mpya na reli vilipita mbali nacho, na vijana wakahama. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi waliazimia kukitengeneza, na mwaka 1971 wakaweka ahadi ya mambo matatu: hawatauza nyumba zao, hawatazipangisha, wala hawatazibomoa.

Mama alipofasiriwa habari hiyo, aliuliza swali moja tu. "Je, walikaa wote wakasema, au walisemewa?"

"Walikaa wote, mama," kaka akajibu.

"Basi ndiyo sababu imesimama," akasema mama, akaendelea kutembea polepole, mkono wake begani mwa mjukuu wake.

Usiku ule tulilala Matsumoto, mji wenye ngome nyeusi iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 16. Mimi na kaka tulinong'onezana nje ya chumba. Tulikubaliana kwamba neno letu tutalisema kesho, pahali ambapo shemeji alitushauri twende kwa sababu ya uzuri wake. Mahali hapo huitwa Obasute. Hatukumwuliza maana ya jina.

Tulifika Obasute asubuhi ya siku ya pili. Ni mteremko wa mlima unaotazama uwanda mpana ambamo mto hupita, na mteremko huo wote umekatwa mashamba ya ngazi, madogo madogo, yapata zaidi ya elfu. Mpunga ulikuwa umevunwa, na miganda ilianikwa juu ya miti iliyolazwa, ikikauka juani. Katika majira ya kupanda mashamba hujaa maji, na husifiwa kwamba mwezi huonekana ndani ya kila shamba. Mshairi mashuhuri Basho alisafiri hadi hapo mwaka 1688 ili autazame mwezi huo. Mengi ya mashamba hayo leo hulimwa kwa msaada wa watu wa mijini, ambao hulipa ada kila mwaka wakapewa kipande, wakaja siku za kupanda na za kuvuna.

Mama alifurahi kuliko nilivyopata kumwona tangu msiba wa baba. Alishuka kwenye ukingo wa shamba, akashika udongo, akaunusa. Akasema kuta za ngazi zile zimejengwa na watu wasio na haraka. Kisha akamwuliza mjukuu wake, "Mahali hapa huitwaje?"

"Obasute, nyanya."

"Maana yake?"

Kijana akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, akasita. Kiswahili chake ni cha kujifunza nyumbani, na huenda kwa hatua kama mtu avukaye mto juu ya mawe. Hatimaye akasema, "Maana yake ni kumtupa bibi kizee."

Mama akaketi juu ya jiwe, akamwambia amsimulie. Naye akasimulia hadithi ambayo watoto wa Ujapani huisikia tangu utotoni.

Palikuwa na mtawala wa nchi ile aliyewachukia wazee, akaamuru kwamba kila aliyefikia umri wa miaka 70 apelekwe mlimani akaachwe huko afe. Mtu mmoja akamchukua mama yake mgongoni akapanda naye. Njiani akasikia vitawi vikivunjika. Mama yake alikuwa akivivunja na kuvidondosha kila walipopita. Alipomwuliza sababu, mama akasema, "Giza laingia, mwanangu. Vitawi hivi vitakuonyesha njia ya kurudi." Yule mwana akashindwa kumwacha. Akarudi naye usiku, akamficha chini ya sakafu ya nyumba. Baadaye mtawala wa nchi jirani akatishia vita wasipomletea kamba iliyosukwa kwa jivu. Hakuna aliyeweza. Mama mzee, kutoka mafichoni, akamwambia mwanawe aloweke kamba katika maji ya chumvi, aikaushe, kisha aichome, nalo jivu litabaki na umbo la kamba. Nchi ikaokoka, na mtawala akaifuta amri yake. Naam, wahenga wetu nao walisema kwamba palipo na wazee hapaharibiki neno.

Hadithi ilipokwisha, mama alicheka kidogo huku akifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akatugeukia sisi wawili.

"Na mimi, wanangu, mwanipeleka mlima gani?"

"Mama, hiyo ni hadithi tu," akasema kaka.

"Najua ni hadithi. Lakini bahasha iliyo mkobani si hadithi."

Msomaji, nimepata kuona aibu mara nyingi maishani, lakini siku ile niliijua aibu kwa jina lake. Mama akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama mtu azungumzaye juu ya bei ya mahindi. "Mpima ardhi alipokuja kulipima shamba, mlidhani ni nani aliyempa chai? Alikunywa vikombe viwili. Aliniambia yote, akidhani nimekwisha ambiwa." Akanyamaza kidogo, akaitazama ile miganda. "Yule mwana wa hadithi alimpandisha mama yake mlimani. Ninyi mwataka kunishusha. Njia ni mbili, lakini mgongo ni mmoja, na aliyebebwa hakuulizwa."

Hakuna aliyejibu. Tulirudi katika motokaa, tukarudi kwa njia ya Matsumoto, kisha tukaelekea magharibi kwenye milima mirefu. Barabara ile hufuata korongo la mto, na hatimaye huingia katika handaki la Abo, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, lililofunguliwa mwaka 1997. Kabla yake watu walipita juu ya mlima kwa saa nyingi, na wakati wa theluji hawakupita kabisa. Katika giza lile refu nilikumbuka sababu zetu, nikazipanga moja baada ya moja. Zote zilikuwa njema. Hilo ndilo lililonisumbua, maana sababu zilikuwa njema na jambo lenyewe lilikuwa baya, nami sikuweza kuona mahali vilipoachana.

Usiku tulilala Hirayu, upande wa pili wa handaki, mahali penye chemchemi za maji moto. Shemeji alimchukua mama wakaoga pamoja, na mama alirudi akisema kuwa goti lake limesahau miaka kumi. Tulipokwisha kula, tukaketi sakafuni juu ya mikeka minene ya kule, naye akanyosha mkono. "Ilete."

Nikaitoa bahasha. Hakuifungua. Aliiweka mbele yake, akasema, "Sasa semeni. Mimi nasikiliza."

Tukasema. Nilimwambia juu ya goti, juu ya umbali wa hospitali, juu ya ukungu wa mwezi wa Julai na njia zinazoteleza. Nilimwambia kuwa katika nyumba tisa za jirani, tatu zimekwisha kufungwa. Kaka alimwambia kwamba hulala akiiogopa simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatujibu hivi:

"Maneno yenu yote ni kweli. Goti langu nalijua kuliko ninyi. Mwezi wa Aprili niliteleza katika ngazi za shamba, nikalala pale pale tangu saa nne mpaka jirani aliponikuta jioni. Sikuwaambia. Sikuwaambia kwa sababu nilijua kwamba mkijua mtaniamulia. Ninyi mlinificha bahasha, nami niliwaficha kuanguka kwangu. Wote tumekosa."

Kaka aliinamisha uso. Nami nikatambua pale mahali ambapo sababu njema na jambo baya huachana. Huachana pale mtu anapompenda mwenziwe pasipo kumwuliza. Tulidhani tunamlinda mama na hatari, kumbe ukimya wetu ndio uliomfanya aifiche hatari yenyewe. Lau angalikufa siku ile ya Aprili, tungalilaumu mlima.

Akatuambia alilotaka. Miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, atashuka Mombasa akae kwangu. Miezi mingine atakaa kwake. Shamba la juu, lenye mteremko mkali, litalimwa na kijana wa jirani kwa kugawana mavuno. Kila jioni mmoja wetu atampigia simu, naye atasema kweli juu ya goti lake. "Na siku nitakaposhindwa kabisa," akamaliza, "nitawaambia mimi mwenyewe. Siku hiyo nibebeni, wala sitavunja kitawi."

Siku ya tatu tulifika Shirakawa, bonde ambalo zamani theluji ililitenga na dunia kwa miezi. Kijiji cha Ogimachi, kilicho katika bonde hilo, kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995. Nyumba zake ni kubwa, za ghorofa tatu au nne chini ya paa moja la nyasi, na paa hilo limesimama wima kama viganja viwili vilivyokutanishwa kwa sala, ili theluji iporomoke isilivunje. Katika orofa za juu watu walifuga viwavi wa hariri. Maungio ya paa hayakupigiliwa misumari, yamefungwa kwa kamba na vijiti vilivyopindwa.

Nyasi za paa hubadilishwa kila baada ya miaka 30 au 40, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Kijiji chote hukusanyika, watu mia moja au mia mbili, wakaezeka upande mzima kwa siku moja au mbili. Ushirika huo wa kusaidiana huuita *yui*. Leo aezekaye ni jirani, kesho ataezekewa yeye. Mama hakuhitaji kufasiriwa sana, kwani hiyo ni harambee, nayo kwao ilikuwako kabla ya neno hilo kuandikwa popote.

Alisimama muda mrefu akiyatazama mapaa. Kisha akaniomba kalamu. Akaichukua ile bahasha, ambayo bado haijafunguliwa, akaandika nyuma yake kwa mkono wake wa polepole: mabati manne, misumari kilo mbili, mbao sita. "Paa la jikoni lavuja," akasema. "Mimi nina wana wawili na mjukuu mmoja. Si watu mia mbili, lakini nalo si paa la Shirakawa."

Tulirudi Nagoya jioni ile. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule kaka alipata likizo akaja nyumbani na mwanawe, na sisi watatu tukapanda juu ya jiko la mama tukabadilisha mabati. Kijana alipiga msumari wake wa kwanza, ukapinda, na nyanya yake alikuwa chini akimwelekeza kana kwamba maisha yake yote amekuwa fundi.

Enyi vijana mnaosoma habari hii, wengi wenu mtatoka vijijini mwenu, na hapana ubaya katika kutoka. Kaka yangu alitoka, nami nilitoka. Mtapata kazi, mtapata akili za mijini, na siku moja mtajiona mnajua lililo jema kwa wale waliowalea. Yawezekana mtakuwa mnalijua kweli. Hata hivyo, ketini kwanza nao sakafuni, mwaweke bahasha katikati, mwaulize. Aliyebebwa mgongoni huiona njia mbele ya mabega yenu, na pengine amekwisha anza kuvunja vitawi kwa ajili yenu.